Mwisho Hukaa kwa Aliye Mbali

Katumba,
Jumapili, 3 Novemba 2024

Mdogo wangu Dieudonne,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na nyuki hawajakumaliza. Huku hatujambo. Mama anakusalimia. Magoti bado yanamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa, juzi kamfokea mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu ya mbuzi, na mwenyekiti kaomba msamaha. Mvua imetupiga mara mbili, miche ya tumbaku imetulia kitaluni. Binamu yako Vestina kajifungua mtoto wa kike, mkubwa kweli.

Haya, lililonifanya nishike kalamu. Shadrack wa pikipiki ananiambia unalia huko kambini hakuna mtandao, redio haishiki, na karatasi ya kufungia sabuni umeshaisoma mara nne. Nilicheka, halafu nikakuonea huruma. Kwa kuwa anakuja huko kuchukua asali kila baada ya wiki mbili, yeye ndiye atakuwa posta yetu. Nimempa mfuko wa vitabu.

Usishtuke ukiviona vimekatwa. Wewe ulikuwa bado unanyonya, hukumbuki, lakini nyumba yetu ndivyo ilivyokuwa inasoma. Baba alikuwa anakigawa kila kitabu mara tatu kwa wembe, kisha anashona kila kipande kwa uzi wa kufungia tumbaku, ili watu watatu wasome kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Ukimaliza kipande chako unasubiri cha mwenzako, na ukisubiri unashika kipande cha kitabu kingine. Ndiyo maana mpaka leo sijui kusoma kitabu kimoja mpaka kiishe. Nina cha jikoni, nina cha shambani, nina cha kitandani, na kimoja kiko kwenye mkoba cha kusubiria misa. Watu wananiuliza kama havichanganyikani. Mbona wao hawachanganyi majirani zao?

Nimekuwekea vitabu sita. Majalada yalishaisha zamani, kwa hiyo tunaviita kwa watu waliomo: Mwenye Mashine, Mpelelezi, Mjane, Mwalimu, Daktari na Mapacha. Kila kimoja kina sehemu ya kwanza na ya pili. Za tatu hazipo, usinilaumu. Soma vyote pamoja, kidogo kidogo, utaona siku zinavyokwenda.

Krismasi tunakusubiri.

Dada yako,
Gaudiose


Kambini, Ugalla,
19 Novemba 2024

Dada Gaudiose,

Milele amina, na shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa jicho la kushoto limevimba, nyuki mmoja aliniwahi. Mpe mama pole ya magoti na mpe Vestina hongera. Tuko wawili tu hapa, mimi na Masalu, yule Msukuma wa Majimoto. Asubuhi tunapandisha mizinga, mchana yeye anazunguka kukagua ile ya mbali, mimi nabaki kuchemsha masega tupate nta.

Vitabu vimenikomboa. Nimevipanga kama ulivyosema. Mwalimu nasoma nikiamka, Mjane wakati wa kula, Mapacha nakisoma kwa sauti saa tisa alasiri nikingoja nta iive, maana ukimya wa hapa mchana unachosha masikio. Lakini dada, huu ni ukatili. Nimefika mwisho wa sehemu ya pili ya Mpelelezi, jamaa kashika kitasa cha mlango, na kitabu kimekwisha! Sehemu za tatu zilikwenda wapi?

Bahati nzuri nimepata msaada. Kuna mtu anakuja saa tisa, nikianza kusoma. Mara ya kwanza nilidhani ni mrina asali wa kambi ya jirani. Ni wa umri wangu, labda mdogo kidogo, mpole, kavaa koti la zamani la shule. Anakaa kwenye kigoda cha Masalu anasikiliza. Nilipofunga Mpelelezi kwa hasira akacheka, akasema, "Tulia mdogo wangu, nyuma ya mlango hakuna mtu. Aliyeua ni yule mpishi." Akanisimulia mpaka mwisho, na mambo yote yaliungana. Nikamuuliza alikisoma wapi. Akasema, "Hapahapa."

Kitu kimoja tu kinanishangaza. Kila akija suruali imelowa mpaka kiunoni na koti linachuruzika, na mto mwezi huu ni madimbwi tu, unavuka bila kuvua viatu. Masalu akirudi ananigombeza eti namwagia maji kigoda chake. Yeye huyo mtu hajamwona bado.

Nisaidie sabuni na chumvi.

Mdogo wako,
Dieudonne


Katumba,
Jumapili, 1 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Jicho paka asali yenyewe, usipake mafuta ya taa kama wanavyokudanganya huko. Mama hajambo. Mtoto wa Vestina kabatizwa leo, wamemwita Aline, padri kasahau jina katikati ya ubatizo ikabidi bibi yake apige kelele. Tumeanza kuhamishia tumbaku shambani. Sabuni na chumvi anazo Shadrack, na nimeongeza dagaa.

Sehemu za tatu zilipotea. Ni mambo ya zamani.

Huyo mgeni wako hajasema jina? Mtu anakaa na wewe wiki nzima humuulizi jina, ulilelewa wapi wewe? Muulize. Na umuulize kitu kingine, lakini usimwambie kimetoka kwangu. Muulize kile cha Mwenye Mashine kinaishaje. Andika maneno yake kama anavyoyasema, usipunguze, usiongeze.

Mimi sijambo, nimechoka tu. Wiki hii nimefungua vitabu vyangu vyote na sijasoma hata ukurasa.

Dada yako,
Gaudiose


Kambini, Ugalla,
14 Desemba 2024

Dada Gaudiose,

Milele amina. Shikamoo. Jicho limepona, dagaa tumewafurahia. Mvua huku imeshika kweli, mizinga miwili imeangushwa na upepo, na mto umeanza kusema.

Nimemuuliza. Jina hakusema. Alitabasamu akaniambia, "Niite kaka, inatosha," wakati kwa sura mimi ndiye wa kumwita yeye mdogo wangu. Kuhusu Mwenye Mashine, maneno yake ni haya: "Wote walidhani amekufa. Wakaja na sanda. Asubuhi akaamka, akaomba uji wa mtama, akauliza nani amezima mashine yake." Nikamwambia mwisho huo ni mzuri. Akasema, "Si ndiyo? Mwisho huo ulimnyamazisha mtu aliyekuwa analia."

Ameshanimalizia vitabu vitano, dada. Mjane, Mwalimu, Daktari, vyote. Kimebaki Mapacha tu. Hicho nikimwomba anatikisa kichwa. Anasema, "Hicho hakisimuliwi. Mwenyewe aliniambia hataki kusimuliwa, anataka asome kwenye karatasi." Anasema sehemu ya tatu anayo, ameihifadhi kwake, ng'ambo.

Kwa hiyo Krismasi msinisubiri. Masalu anakwenda kwao Majimoto, mimi nitalinda kambi, na labda nitaipata hiyo sehemu. Fikiria, nitakuletea kitabu kizima!

Usinikasirikie. Mwambie mama nitakuja Januari.

Dieudonne


Katumba,
22 Desemba 2024

Dieudonne,

Mama anaumwa sana. Panda pikipiki ya Shadrack urudi naye. Vitabu viache hukohuko. Saa tisa usisome kwa sauti, na huyo mtu usimfuate popote.

Rudi nyumbani mdogo wangu. Nakuomba.

Gaudiose


Kambini, Ugalla,
9 Januari 2025

Dada,

Heri ya mwaka mpya, na shikamoo. Nilipoisoma barua yako nilifunga virago vyangu palepale. Kabla sijapanda pikipiki nikamuuliza Shadrack mama kazidiwa tangu lini. Akashangaa. Anasema amemkuta anatwanga mihogo na kuimba, na kampa maembe ya njiani. Nikavifungua tena virago.

Mbona unanidanganya, dada? Kitu hiki kimeniuma. Kwanza unanyamaza, kila nikikuuliza unaniambia mambo ya zamani. Halafu unamfanya mama mgonjwa kwenye karatasi. Mimi si mtoto, nina miaka ishirini na tisa. Kama kuna neno, liseme.

Krismasi nilikuwa peke yangu hapa na mvua. Yeye alikuja. Sikusoma, kama ulivyotaka, na akaja vilevile, akakaa, akasema, "Leo husomi? Basi tukae tu." Hali chakula changu na maji yangu hanywi, nikimkaribisha anasema atakula akishafikisha. Nyuki wakati yupo wananyamaza kabisa. Hilo sikukuandikia mwanzo kwa sababu nilijua utapiga kelele. Lakini si mtu mbaya. Ana huzuni, hiyo tu. Ananiuliza habari za nyumbani kuliko wewe unavyoniuliza za huku. Ameniuliza kama dada yangu bado anasoma vitabu vingi pamoja. Sijui nilimwambia lini kwamba nina dada.

Amesema yeye haruhusiwi kuja mikono mitupu, na karatasi kule ng'ambo hawezi kuvuka nazo peke yake, kila akivuka zinalowa. Anataka mtu wa kusaidiana naye, mmoja ashike mzigo juu, mwingine atangulie. Tumepanga Jumamosi tarehe 25, saa tisa. Mto umejaa lakini anasema kuna kivuko anachokijua.

Nikiipata nitakuja nayo moja kwa moja, tusahau haya.

Dieudonne


Katumba,
Jumapili, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Dieudonne,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo, na nilikudanganya, nisamehe. Barua yako ilikaa siku nane kwa Shadrack, pikipiki ilikufa mnyororo akiwa Mpanda. Nimeipata leo baada ya misa. Yupo hapa uani anakunywa chai na nimemkataza kuondoka mpaka nimalize kuandika. Ameapa atakufikia kabla ya Jumamosi hata kama ni kwa kuisukuma.

Unajua tulikuwa na kaka, Gervais. Unajua alipotelea porini mwaka tisini na nane, wewe ukiwa na miaka mitatu. Ulichoambiwa ni kwamba alirudi kambini kuangalia mizinga, mto ukamchukua. Sote tuliambiwa hivyo. Baba alikufa akiamini kwamba kosa ni lake, kwa sababu ndiye aliyempeleka kwenye urinaji. Mimi nilikaa kwenye kitanda chake akisema hivyo na sikufungua mdomo.

Baba alikuwa na utaratibu mmoja sikukuandikia. Sehemu ya tatu ya kila kitabu alikuwa anampa yule anayekwenda mbali zaidi. Alisema yeye alitoka kwao Burundi usiku mmoja bila kitu cha kumrudisha, kwa hiyo mtoto wake akitoka, lazima awe ameshika kitu ambacho nyumbani wanakisubiri. Gervais alikuwa ndiye wa mbali. Alikwenda Ugalla na sehemu za tatu za vitabu vyote sita, na sisi tukabaki na mianzo, tukihesabu siku.

Krismasi ile akaja. Akaja na asali, akaja na kitenge cha mama, wewe alikubeba mabegani kutwa nzima. Vile vipande alikuwa amevisahau kambini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Dieudonne, na nilikuwa nimengoja miezi mitano. Nililia mpaka akanisimulia mwisho wa Mwenye Mashine. Alinisimulia kwamba yule mzee aliamka akaomba uji. Mwaka 2011 nilikiona kitabu hichohicho, kizima, kwa muuza mitumba Mpanda mjini. Nikakisoma nimesimama palepale sokoni. Yule mzee haamki. Anazikwa. Gervais alitunga ule uji kwa ajili yangu, jikoni, tukiwa wawili, na sijawahi kumsimulia mtu. Sasa unajua kwa nini nilikutuma umuulize.

Kesho yake akataka kunisimulia Mapacha. Nikamkatalia. Nilimwambia sitaki kusimuliwa, nataka nisome mwenyewe. Nikamwambia mtu anayerudi nyumbani bila mwisho wa kitabu bora asingerudi. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema basi, nitakuletea. Alivaa koti lake la shule akaondoka mvua ikinyesha, na kwa baba akaaga kwamba anakwenda kuangalia mizinga. Hakutaka nigombezwe.

Hawakumwona tena. Waliona baiskeli yake tu, upande wa huku wa mto.

Yeye hafanyi ubaya, mdogo wangu, hapo umesema kweli. Anafanya nilichomtuma. Ametumwa na mimi, na hakuna mtu aliyekwenda kumwambia aache. Sasa anataka kukuvusha wewe ili akamilishe, na wewe utakwenda pale alipokwenda yeye, na mimi nitakuwa nimewamaliza wote wawili kwa kitabu kimoja.

Kwa hiyo usikimbie. Mngoje hiyo Jumamosi, ukae mbali na maji, na umsomee barua hii. Umsomee na haya yanayofuata, polepole:

Kaka Gervais. Ni mimi Gaudiose. Ile sehemu ya tatu usilete tena. Siitaki. Iache huko ilipo. Nilikuwa mtoto, nilikuwa mchoyo, na nilikosea kukurudisha. Nilitakiwa kukukaribisha uketi ule. Hakuna mtu nyumbani aliyekukasirikia hata siku moja. Mdogo wetu mrudishe.

Siwezi kuandika zaidi, Shadrack amesimama.

Gaudiose


Kambini, Ugalla,
Jumamosi, 25 Januari 2025

Dada yangu,

Milele amina, na shikamoo sana. Mimi ni mzima. Nimelianza hilo ili upumue.

Shadrack alifika jana jioni, matope mpaka kwenye nyusi. Barua yako nimeisoma mara nyingi, nyingine sikuisoma, nilikuwa nimeishika tu. Nilitaka kukukasirikia na sikuweza. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na kumbe kila siku ulikuwa unanifundisha ukiwa umebeba hiki.

Leo saa tisa amekuja. Akasimama, hakukaa. Akasema, "Twende, maji yamepungua." Hayakuwa yamepungua, nilikuwa nayasikia kutoka nilipo. Nikamwambia, "Kaka, kaa kwanza. Kuna barua yako." Aliposikia barua akakaa haraka, na mara ya kwanza nikaona anaogopa.

Nilimsomea yote. Nilipofika pale uliposema usilete tena, akanyanyua mkono, akataka nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Kasema hivyo mwenyewe?" Nikasema mwenyewe, mwandiko wake huu hapa. Akainama akauangalia mwandiko, maji yakawa yanadondoka kwenye karatasi, ndiyo haya madoa utakayoyaona nikikuletea. Akasema, "Mimi nilikuwa najua bado anasubiri."

Halafu akaomba chakula. Nikampa ugali na maharage ya jana. Alikula sufuria nzima, dada, akakomba na ukoko, akanywa maji kata tatu. Nilikuwa nataka kumuuliza mambo mengi, ya baba, yake yeye, ya kule ng'ambo kulivyo. Nilimwongezea maharage tu.

Alipomaliza akauliza nyumbani ni upande gani siku hizi, maana njia aliyoijua imeota miti. Nami bila kufikiri nikamwonyesha barabara ya pikipiki. Nikamweleza geuka wapi, pita kanisani, nyumba ni ileile, bati ndiyo jipya. Akashukuru. Akainuka akaondoka akiupa mto mgongo. Masalu alikuwa anarudi kutoka mizingani, wakapishana palepale, na Masalu akampa mkono. Alipofika kwangu akaniuliza, "Yule nani, mbona mkono wa baridi vile?" Nikamwambia ni ndugu yangu.

Shadrack anaondoka sasa hivi na madumu, mimi sina pa kukaa, nitafuata Jumatano na Masalu. Kaka katangulia kwa miguu. Hatembei kama mtu anayechoka, kwa hiyo sijui nani atafika kwanza, yeye au barua hii.

Anakuja mikono mitupu. Kabla hajaondoka aliniuliza mara mbili kama utamfungulia. Nimemwambia ndiyo, bila kukuuliza.

Mdogo wako,
Dieudonne